Usukani wa Kushoto: Siku Moja ya Jebel Akhdar

Jebel Akhdar ni sehemu ya safu ya milima ya Hajar, kaskazini mwa Oman. Uwanda wake wa Saiq umeinuka mita zipatazo 2,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake haifanani kabisa na ya pwani: Maskati inapoungua kwa joto la nyuzi 40, huko juu watu hukaa nje mchana wakizungumza. Kutoka Maskati hadi Birkat al-Mouz, mji mdogo ulio chini ya mlima, ni kilomita zipatazo 140 za barabara kuu. Kutoka hapo hadi Saiq ni kupanda kwa kilomita zisizofika 40. Kwenye karatasi hii ni safari ya kwenda na kurudi siku moja, na muda wa chakula cha mchana ukabaki. Wageni wengi huipanga hivyo. Wengi hurudi usiku wamechoka kuliko walivyotarajia, wengine wakiwa hawasemeshani garini. Kosa si la barabara. Uchovu huo una sababu zake, na sababu hizo huonekana vizuri zikifuatwa kwa mpangilio wa siku yenyewe, tangu gari linapowashwa asubuhi.

Wageni wa Jebel Akhdar hutoka kila pembe ya dunia, lakini wale wa pwani ya Afrika Mashariki wana sababu yao ya kufika Oman. Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na tangu hapo koo nyingi zimekuwa na watu pande zote mbili za bahari. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi ziliondoka Zanzibar. Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Ndiyo maana hadi leo Kiswahili kinasikika majumbani, madukani na maofisini Maskati. Mtu wa Unguja, Mombasa au Dar es Salaam akienda likizo huko mara nyingi hafikii hotelini. Hufikia kwa mjomba, kwa shangazi, kwa mtoto wa ami. Safari ya mlimani hupangwa usiku baada ya chakula, wenyeji wakimhakikishia mgeni kwamba barabara ni nzuri na kwamba vijana wao huipanda Ijumaa na kurudi. Wanasema kweli. Ila wao wameipanda mara nyingi, tena wakiwa wamekaa upande wa gari waliouzoea tangu siku ya kwanza ya kushika usukani.

Nchini Oman magari hupita kulia na usukani uko kushoto. Kenya, Uganda na Tanzania magari hupita kushoto na usukani uko kulia. Kanuni hiyo hueleweka kwa dakika moja, na hakuna dereva mwenye akili timamu atakayeikosea akiulizwa. Lakini mtu aliyeendesha gari kwa miaka mingi haendeshi kwa kukumbuka kanuni. Mkono, mguu na jicho vimekwisha kuijua kazi yao, na akili imebaki huru kuzungumza, kusikiliza redio na kuwaza mambo ya nyumbani. Akihamishwa upande wa pili, mazoea hayo hayamwachi. Yanaendelea kufanya kazi kwa ukamilifu, kuelekea upande usio wake. Kwa hiyo kila tendo ambalo mwili ulikuwa ukilifanya wenyewe linabidi sasa lifanywe kwa kufikiri: kwanza kulizuia lile la zamani, kisha kufanya jipya. Hapa ndipo uchovu wa siku nzima unapoanzia, kabla gari halijatoka mtaani.

Mambo madogo huja kwanza. Magari mengi ya Afrika Mashariki yameletwa yakiwa yametumika Japani, na kijiti chake cha indiketa kiko upande wa kulia wa usukani. Katika gari la Oman kiko kushoto. Dereva mgeni anayetaka kukata kona huwasha wipa badala ya indiketa, na gari la nyuma yake halipati ishara yoyote. Akitaka kujua kinachotokea nyuma, jicho hupanda juu kushoto kutafuta kioo cha ndani, likakuta nguzo ya mlango. Kioo kiko kulia. Kwenye kipilefti cha kwao hutazama kulia kwanza, kwa kuwa ndiko magari yanakotokea. Hapa yanatokea kushoto, na mji wa Maskati una vipilefti vingi.

Lililo kubwa kuliko hayo ni upana wa gari. Dereva hajui upana huo kwa kuupima. Anaujua kwa mahali anapokaa. Nyumbani amezoea kukaa upande wa kulia wa gari, karibu na mstari wa katikati ya barabara, sehemu kubwa ya gari ikiwa kushoto kwake. Amezoea kuuacha mwili wake kulia kidogo katika njia yake, na kila kitu hukaa sawa. Oman akiuweka mwili wake vilevile, kulia kidogo, gari zima linasogea kulia zaidi, na matairi ya upande huo yanakanyaga ukingo wa barabara. Yeye haoni. Ukingo uko mbali na jicho lake. Anayeuona ni abiria aliyekaa mbele upande wa kulia, ambaye dirisha lake liko moja kwa moja juu ya ukingo huo. Abiria akisema "tunatoka nje ya barabara", dereva hudhani ni woga, maana alipo yeye barabara inaonekana pana na salama. Wote wawili wanasema wanachokiona kweli. Ugomvi mwingi wa safari za namna hii umejengwa juu ya tofauti hii ya viti viwili, na ni jambo la kusikitisha kwamba watu huumizana kwa maneno juu ya jambo ambalo lingemalizika kwa kuelezwa mara moja kabla ya kuondoka.

Madereva wa malori wa Afrika Mashariki wanalijua jambo hili kwa kazi. Anayevuka mpaka wa Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda huhama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara, ilhali usukani wake unabaki palepale kulia. Kuanzia hapo hawezi kuona mbele ya lori lililo mbele yake bila kulitoa gari lake lote nje. Ndipo utingo anapokuwa jicho lake: anatazama kutoka kiti cha kushoto, anasema pita au ngoja, na dereva anamwamini. Hakuna fedheha katika kutegemea jicho la mwingine. Familia iliyo likizoni ingefanya vyema kuiga utaratibu huo, abiria wa mbele akapewa kazi ya kusema umbali wa ukingo kwa sauti ya kawaida na kwa maneno yaliyokubaliwa mapema, badala ya kushika mlango kwa nguvu na kukanyaga sakafu kana kwamba kuna breki.

Kuna ushahidi wa nchi nzima kuhusu kubadili upande. Uswidi ilihamisha magari yake yote kutoka kushoto kwenda kulia alfajiri ya Septemba 3, 1967. Wengi walitarajia maafa, lakini ajali zilipungua katika kipindi cha mwanzo, kisha zikarudi taratibu kwenye kiwango cha zamani watu walipozoea. Walipokuwa na hofu waliendesha kwa uangalifu, na hofu ilipoisha uangalifu ukaisha nao. Kwa mgeni wa siku moja mzunguko huo wote hupita kati ya asubuhi na jioni. Saa ya kwanza ni ya woga na ina usalama wake. Saa ya kuogopwa ni ile ya alasiri, mtu anapoona kwamba ameshaweza, akili inapoanza kupumzika, na mazoea ya zamani yaliyokuwa yakisubiri nafasi yanaipata. Mara nyingi hutokea mahali patupu pasipo gari jingine la kufuata: anapotoka kituo cha mafuta, au kwenye maegesho ya hoteli. Anaingia barabarani kushoto kwa utulivu kabisa, kama mtu aliye kwao.

Barabara ya Maskati kwenda Nizwa hupita katika Pengo la Sumail, bonde refu ambalo tangu zamani limekuwa mlango wa kutoka pwani kuingia bara ya Oman. Ni barabara pana, ya njia mbili kila upande, na kikomo cha mwendo ni kilomita 120 kwa saa sehemu nyingi. Kamera zimepangwa njiani. Kwa mtu aliyezoea barabara ya Chalinze au ya Mombasa kwenda Nairobi, yenye malori, matuta, pikipiki na wauza matunda, barabara hii inapaswa kuwa pumziko. Lakini inamnyima kitu kimoja ambacho hakujua kwamba anakitegemea, nacho ni lugha ya taa. Nyumbani, lori lililo mbele likiwasha indiketa ya kulia linasema usipite, kuna gari. Likiwasha ya kushoto linasema pita. Gari linalokuja likimulika taa linaonya kwamba askari wako mbele. Hakuna chuo kinachofundisha mambo haya, lakini kila dereva wa masafa anayajua, na kwa hayo madereva wasiojuana hutunzana njiani. Oman, gari linalotokea nyuma kwa kasi likimulika linataka mtu aondoke njia ya kushoto, basi. Mgeni anabaki akijiuliza amekosea nini, na kujiuliza huko kwa saa nzima kunachosha kuliko malori ya Chalinze.

Birkat al-Mouz ni mji wa mitende na migomba, wenye magofu ya nyumba za udongo juu ya mashamba. Mfereji wake wa maji, Falaj al-Khatmeen, ni mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Unastahili kutembelewa kwa saa mbili. Msafiri wa siku moja huupita kwa dakika chache, akiuonyesha kidole dirishani, kwa kuwa mbele kuna kituo cha polisi na mlima bado haujaanza.

Kituoni askari hutazama leseni na kadi ya gari, ambayo wenyeji huiita mulkiya, kisha hulitazama gari lenyewe. Gari lisiloendeshwa kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi kupanda. Mgeni huweza kushangaa, maana anachokiona mbele ni lami safi, pana, yenye vizuizi vya pembeni sehemu nyingi. Sharti hilo limewekwa kwa ajili ya kushuka zaidi kuliko kupanda, kama itakavyoelezwa. Waliokuja na gari dogo la kukodi hurudishwa hapa baada ya saa mbili za safari, au hulazimika kumlipa mwenye gari la kufaa awapandishe. Kwa kweli hao wa mwisho, ingawa huona wamepata hasara, mara nyingi ndio wanaouona mlima.

Kupanda hakumalizi hata saa moja. Barabara hujikunja kando ya jiwe tupu la kijivu, mara ukuta upande mmoja, mara bonde, kisha kona na pande zinabadilishana. Injini hulia kwa gia ya chini, masikio huziba na kuzibuka, na kipimajoto cha gari hushuka kwa nyuzi moja moja. Mazungumzo hukoma garini. Watoto nyuma hushangilia kila bonde linapofunguka. Aliyekaa mbele kulia huvuta pumzi. Dereva hutazama mita hamsini za lami zilizo mbele yake, na hizo tu. Akigeuza shingo kuangalia wanachokishangilia, usukani hufuata shingo. Kwa hiyo hageuzi. Mtu aliyelipia nauli ya ndege, akaomba likizo kazini, akaamka alfajiri kwa ajili ya mandhari haya, hupita ndani yake kwa karibu saa nzima bila kuyaona. Abiria hawalitambui jambo hili, na dereva hasemi, kwa kuwa kusema ni kama kuwaharibia wengine furaha yao. Ukimya huo baadaye hugeuka hasira juu ya jambo jingine kabisa: dirisha lililofunguliwa, chupa ya maji iliyoanguka.

Mlima wenyewe una historia ndefu ya kuwakataa watu wenye haraka. Kabla ya lami kukamilika katika miaka ya 2000, watu na punda walipanda kwa mabonde yaliyochanika kama Wadi al-Muaydin, kwa saa nyingi za kutembea. Ukali huo ndio uliowalinda wafuasi wa Imamu Ghalib bin Ali na Sulayman bin Himyar, waliompinga Sultani wa Maskati, katika vita vya Jebel Akhdar, hadi Januari 1959 askari maalumu wa Uingereza walipopanda usiku kwa njia isiyolindwa. Aliyefika juu zamani alifika amechoka miguu, na akalala alipofika, kwa kuwa hakukuwa na namna ya kushuka siku hiyohiyo. Barabara imeufupisha mlima kwa miguu ya watu, na hilo ni jema kubwa kwa mgonjwa anayepelekwa hospitali na kwa mtoto anayekwenda shule. Kwa mgeni, imeondoa pia ule usiku mmoja uliokuwa sehemu ya safari.

Juu kuna vijiji vya al-Aqr, al-Ayn na ash-Shirayjah, vilivyoning'inia ukingoni mwa korongo, na chini yake matuta ya mashamba yanayoteremka ngazi kwa ngazi, yakinyweshwa na mifereji ileile ya kale. Humo hulimwa makomamanga, ambayo huiva kuanzia mwishoni mwa kiangazi, na mawaridi, ambayo huchanua kuanzia mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Mei. Maua huchumwa na kuchemshwa katika matanuri ya udongo, na mvuke wake hukusanywa ukawa marashi. Mtu wa pwani anaijua harufu hiyo tangu utotoni, kwa mrashi unaopitishwa katika maulidi na harusi. Kuiona inatoka wapi, kuona mikono ya mzee iliyoungua kwa miaka ya kukaa mbele ya tanuri, ni sababu ya kutosha ya kufunga safari. Kuna njia ya miguu kati ya vijiji hivyo, ya kutembea taratibu. Na kuna watu. Mgeni akisalimia vizuri hukaribishwa kahawa na tende, pengine na halwa, na akigundulika kwamba ametoka Zanzibar huulizwa habari za mitaa ambayo mwenyeji aliiacha akiwa mtoto, au aliyosimuliwa na bibi yake tu. Si adabu kunywa kikombe kimoja na kuondoka mbio. Adabu hiyo na saa ya kurudi haviendi pamoja.

Kuhusu saa, mtu wa Afrika Mashariki ana hasara ambayo haionekani kwenye ramani yoyote. Amekulia mahali ambapo jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, Januari hadi Desemba, likipungua au kuzidi dakika chache tu. Hatazami saa kujua lini giza litaingia, kwa kuwa giza ni sehemu ya mwili wake. Oman iko kaskazini zaidi, mchana wake hurefuka na kufupika. Juni jua huzama Maskati karibu na saa moja usiku; mwanzoni mwa Desemba huzama kiasi cha saa kumi na moja na dakika 20. Tena saa za Oman ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Mgeni aliyewasili juzi, ambaye mwili wake bado unafuata saa za kwao, anaona giza linaingia Desemba wakati ndani yake ni saa kumi na dakika 20 za alasiri, saa ambayo kwao watoto ndio kwanza wanatoka kucheza mpira. Na Desemba ndiyo likizo, na ndio msimu mzuri wa kutembelea Oman. Hivyo wengi hukutwa na magharibi wakiwa bado juu, wakiwa na hakika kamili kwamba muda upo. Mlimani giza huwahi zaidi kwa kuwa miamba huliziba jua kabla halijazama, na mbuzi na punda hupita barabarani wakati huohuo wakirejea malaloni.

Kushuka ndiko kunakodai dereva mwenye nguvu, na dereva wa siku moja hufika hapo akiwa amebakiwa na nguvu kidogo kuliko saa nyingine yoyote ya siku. Ukubwa wa kazi hiyo unaweza kuhesabiwa. Gari la tani 2 likishuka mita 1,300 huachia nishati ya megajuli zipatazo 25. Gari hilohilo likienda kilomita 120 kwa saa lina megajuli moja na kidogo. Kuushuka mlima huu kwa breki peke yake ni sawa na kulisimamisha gari kutoka mwendo wa barabara kuu mara zaidi ya 20, moja baada ya nyingine, bila breki kupata nafasi ya kupoa. Joto hilo halina pa kwenda ila kwenye diski, pedi na mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa garini, na unyevu huyafanya yachemke upesi. Yakichemka hutoa mvuke. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke hubanwa. Ndiyo maana pedali iliyokuwa ngumu huzama hadi sakafuni ghafla na gari lisipunguze mwendo.

Dawa yake ni gia ya chini tangu juu kabisa, kabla gari halijachukua kasi, ili injini ndiyo ilizuie. Gari la magurudumu manne lina gia za chini zinazofaa kazi hiyo, na hii ndiyo maana hasa ya sharti la polisi pale kituoni. Iringa wanalijua somo hili kwa mteremko wa Kitonga. Kenya walilipia ghali Salgaa, ambako malori yaliyoachiwa gia ili kuokoa mafuta yalikosa breki na kuua watu wengi. Wahandisi wa barabara ya Jebel Akhdar wamejenga njia za dharura zenye changarawe, zinazopanda pembeni, ili gari lililokosa breki liingie humo lizame na kusimama. Dereva mgeni hazijui, na akiziona hudhani ni barabara ya kuingia machimbo. Gari aliloazimwa ni la otomatiki, na kwao otomatiki huwekwa kwenye D na kuachwa hapo. Mwenyeji akimkabidhi ufunguo bila kumwonyesha namna ya kushusha gia kwa mkono katika gari hilo hasa, amempa nusu ya gari.

Mvua ni jambo la siku chache kwa mwaka, lakini ikinyesha hubadilisha kila kitu. Milima ya Hajar ni jiwe tupu na hainywi maji. Mvua ya mlimani huteremka kwenye mabonde makavu, yaitwayo wadi, kwa nguvu kubwa, mara nyingine chini jua likiwa bado linawaka, na barabara ndogo zinazokatiza mabonde hayo hugeuka mito kwa dakika. Kwenye vivuko husimikwa nguzo zilizopakwa rangi kuonyesha kina. Sheria ya Oman humwadhibu dereva anayevuka wadi iliyojaa, na haina ukali wa bure: katika mafuriko ya Aprili 2024 miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari lililosombwa. Kwa hili hakuna la kujadili. Wadi ikishuka, gari husimama, na ratiba ya siku inakwisha hapo.

Kilomita 140 za kurudi Maskati hupita gizani, abiria wote wamelala. Barabara ile ya asubuhi ni ileile, lakini taa za magari yanayokuja ziko kushoto, upande ambao macho ya mgeni hayajazoea kuzipokea, na kila zinapomwumiza anavutwa tena kulia, kwenye ukingo. Nyumbani hupokewa kwa chakula, na picha huanza kupita mkono kwa mkono: korongo, matuta, mzee wa marashi, watoto ukingoni. Aliyeendesha huzitazama kama anavyozitazama aliyebaki Maskati.

Kwa dereva aliyezoea upande mwingine wa barabara, Jebel Akhdar si safari ya siku moja. Juu kuna hoteli kubwa na kuna nyumba za wageni za kawaida, na usiku mmoja huko huondoa mbio za alasiri, giza la mlimani na ule uchovu wa kushuka, vyote kwa pamoja. Anayeweza kulala, alale. Asiyeweza, na akae kiti cha abiria. Na wewe mwenyeji wa Maskati unayempenda mgeni wako aliyetoka pwani, usimpe ufunguo peke yake: mpe na kijana wa nyumbani amwendeshe, ili naye aione nchi ya babu zake.